Jua la Asubuhi kwa Betri Mbili

Kuna vijana wanaopimwa kwa ng'ombe, wengine kwa cheti, wengine kwa kiwanja chenye hati. Mimi nilipimwa kwa soda.

Mama wa mchumba wangu alinitamkia mtihani huo sebuleni kwake, Mkuyuni, mbele ya televisheni iliyofunikwa kitambaa.

"Unasema gari lako lina friji, lina taa, na mtu anaweza kukaa porini bila nguzo ya umeme. Sawa. Tutakwenda siku tatu. Siku ya tatu, saa sita mchana, nikinywa soda ya baridi kutoka humo ndani, bila barafu ya kununua, nitasema na baba yake. Ikiwa ya moto, utaenda kwanza kutafuta kazi inayoeleweka."

"Nimekuelewa, mama."

"Soda ya chungwa," akaongeza. "Nyeusi inanipa kiungulia."

Sebule ile nilikuwa naifahamu zaidi kwa upande wa chini, kwa sababu muda mwingi nilikuwa nimeinamisha macho. Lakini hata kwa macho ya chini niliona kwamba kila kitu cha thamani kilivaa kitambaa cha kroshia alichofuma mwenyewe: televisheni, redio, friji, mgongo wa kila kochi. Rimoti ilikaa ndani ya mfuko wa nailoni, imefungwa kwa raba, na ukitaka kubadili chaneli unaminya juu ya nailoni na kuomba Mungu.

Mama yule alikuwa muuguzi mstaafu. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kliniki ya mama na mtoto, akining'iniza watoto kwenye mzani na kuwagombeza mama zao kwa upendo. Vijana wengi wa mtaa ule walichomwa sindano zao za kwanza na mkono wake, na hadi leo wakikutana naye sokoni utaona mtu mzima na ndevu zake anajishika bega bila kujua. Baba wa mchumba wangu alikuwa mpole kupita kiasi. Ukimuuliza jambo lolote, hata saa ngapi, alijibu, "Muulizeni mama yenu." Kwa hiyo mama aliposema atasema na baba, maana yake ni kwamba ataamua.

Gari lenyewe lilikuwa la mjomba wangu. Lilizeekea kwenye kubeba abiria wa Nyegezi, na mjomba alipotaka kuliuza kama chuma chakavu nilimwomba anipe nilitunze kama mzee. Nikang'oa viti, nikaweka kitanda cha mbao, jiko la gesi, kabati, na lile friji dogo la kuingia chupa kumi na mbili. Nikapaka rangi ya kijani. Ndani, juu ya mlango, niliacha yale maandishi ya zamani, "Abiria chunga mzigo wako," kwa sababu yalikataa kubanduka.

Ndoto yangu ilikuwa, na bado ni, kuwa na magari kumi ya namna hiyo, yazunguke na wageni kandokando ya ziwa letu, yaende Bujora kuwaonesha ngoma za Wasukuma, yalale ufukweni, asubuhi yaendelee. Shule niliishia kidato cha nne na matokeo ya kumfundisha mtu unyenyekevu, lakini hakuna aliyewahi kunidai cheti ili niote. Kampuni ilikuwa tayari. Ilikuwa na mfanyakazi mmoja na tisheti moja, na siku tisheti ikifuliwa, kampuni ilifungwa.

Mambo haya niliyajua kwenye video za simu, za wazungu vijana wanaoishi kwenye magari. Niliziangalia sana. Kwenye zile video unaona kahawa, unaona mbwa msafi, unaona dada anacheka akitazama mlima. Betri huioni. Mimi nikadhani umeme unatokana na kule kucheka.

Aliyenitoa ushamba ni fundi mmoja wa sola pale Mkuyuni, mzee mwenye kibanda kilichoandikwa "Sola, Redio na Ushauri." Ndiye aliyenifungia paneli juu ya paa na betri mbili za maji ndani ya sanduku la mbao, nyuma ya kiti cha dereva. Alipomaliza alikaa juu ya ndoo akaniangalia.

"Wewe Msukuma?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwenu mnakamua?"

"Tunakamua."

"Mnamkamua ng'ombe mpaka anakauka?"

"Hapana. Ndama atakula nini?"

"Basi kozi umeimaliza," akasema. "Hizi ni ng'ombe wako wawili. Wakishiba, hii mita itasoma kumi na mbili nukta saba. Ikisoma kumi na mbili nukta mbili, nusu ya maziwa imetoka. Acha. Yanayobaki ni ya ndama. Ukiendelea kukamua mpaka kumi na moja na kitu, sahani za ndani zinaota chumvi, na ile chumvi haitoki kwa maombi. Betri ikilala na njaa siku tatu, inaamka imezeeka miaka."

Akanifundisha na mengine. Niongeze maji ya betri tu, yale ya dukani, nisije nikachota ya ziwa wala ya kunywa ya chupa. Vichwa vya betri nivisafishe, nivipake grisi kidogo. Sanduku lipate hewa, lisipate joto. Kisichotumika kizimwe. Na paneli isipate kivuli.

"Kivuli kiasi gani, mzee?"

"Hata cha kamba ya nguo. Paneli haijui utani."

Niliandika yote kwenye daftari. Nilikuwa na furaha. Mwezi wa nane kwetu mvua hakuna, jua linatoka likiwa na hasira tangu asubuhi, na mimi nilikuwa na paneli, ng'ombe wawili walioshiba, na soda sita za chungwa. Nilijiona nimeoa tayari.

Tuliondoka Jumatatu alfajiri, mimi, mama na mchumba wangu, ambaye ni fundi cherehani na alijiombea ruhusa mwenyewe kwa sababu cherehani ni yake. Tukapita Airport, tukaacha lami, na kufika saa tatu tulikuwa ufukweni, mbele kidogo ya Kayenze, kwenye kipande cha majani kati ya mawe makubwa na eneo ambalo kina mama wa kijiji wanaanika dagaa. Mita ilisoma kumi na mbili nukta saba. Nikamwonesha mchumba wangu kama mtu anayeonesha picha ya mtoto.

Mpango wa malazi ulikuwa hivi: mama na binti yake walale ndani, mimi nilale chini ya gari kwenye mkeka. Ndiyo heshima yenyewe. Mwenye nyumba ya magurudumu akawa mpangaji wa magurudumu.

Kufika saa nne kasoro, mama akatoa furushi kwenye begi lake. Alilifungua polepole, akiwa na ile haya ya mtu anayetoa zawadi. Kilikuwa kitambaa cha kroshia, cheupe, chenye maua ya bluu pembeni, kikubwa kama shuka. Chini yake alikuwa ameshona bitana nyeusi, nzito. Kwenye pembe nne kulikuwa na lastiki.

"Nilimtuma binti akapime paa lako siku uliyokuwa umetoka," akasema. "Miezi miwili nimefuma. Panda ukivalishe kioo chako."

Nitakuwa mwongo nikisema niliona hatari mara moja. Kwanza niliona upendo. Mtu asiyekutaka hawezi kukufumia maua ya bluu kwa miezi miwili. Halafu ndipo nikaiona ile bitana nyeusi.

"Asante sana, mama. Ila, mama, hiki kioo kinakula jua."

"Najua kinakula jua. Kwani mimi mshamba? Mtoto mchanga naye anakula jua. Unampa la asubuhi, mpaka saa nne. Ndilo lenye vitamini. Baada ya saa nne unamwingiza ndani. Jioni, kuanzia saa kumi, unamtoa tena kidogo. Saa sita unamwanika mtoto?"

"Hapana, mama."

"Unataka kiungue?"

"Hapana, mama."

"Saa nne hii. Panda."

Sasa, mtu wa mbali atauliza kwa nini sikumweleza. Mtu huyo hajawahi kuwa na mama mkwe wa Kisukuma. Kwetu mama mkwe humbishii, hata kama bado hajawa mkwe na yuko kwenye hatua ya soda. Nilikuwa nimekwisha kusema "ila, mama" mara moja, na hiyo yenyewe ilikuwa utovu wa adabu wa kutosha kwa mwaka mzima. Tena huyu si mama mkwe tu, alikuwa muuguzi mwenye sauti ya kliniki, sauti inayokufanya ujiulize kama umekuja na kadi.

Nikapanda ngazi ya nyuma. Kwa mikono yangu mwenyewe, saa nne ya asubuhi, mwezi wa nane, jua likiwa limeanza kupata nguvu, nikaivisha paneli yangu shuka lenye bitana nyeusi. Nikaifunga lastiki nne. Kutoka juu pale niliwaona dagaa wamelala kwenye mchanga, uchi, wanapigwa na jua lote la bure. Niliwaonea wivu dagaa.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya kivuli cha mwamba, ananiangalia. "Vuta upande wa kushoto," akasema. "Umeacha kona wazi."

Mchana huo alikuja mwenyekiti wa kitongoji kutusalimia na kujua sisi ni akina nani. Mzee mwenye koti, mstaarabu. Nilimpa shikamoo, nikamweleza habari za kampuni, akaitikia kwa kichwa na kutuhakikishia usalama. Kabla ya kuondoka akatoa simu mfukoni.

"Nasikia humu kuna umeme. Kwetu nguzo zimeishia kwa yule mzee wa duka."

Nitamkatalia mwenyekiti vipi? Nikaichomeka. Baada ya nusu saa wakaja kina mama wa dagaa na simu zao, na za waume zao, na moja ya padri wa kigango. Mimi nina moyo laini, hilo kila mtu analijua, hata simu zinalijua. Lakini ilikuwa kazi ya mama kuiendesha ile shughuli. Alipoona watu wanasukumana mlangoni aliinuka, akapiga makofi mawili, na watu wakajipanga wenyewe. Akatoa plasta kwenye begi lake, akakata vipande, akaandika namba, akabandika kila simu namba yake mgongoni.

"Namba moja mwenyekiti. Namba mbili padri. Namba saba rudi saa kumi. Wewe hii simu imepasuka kioo, ulianguka nayo?"

"Mtoto aliitupa, nesi."

"Na mtoto amekula?"

Alikuwa na furaha. Mchumba wangu alininong'oneza kwamba hajamwona mama yake hivi tangu astaafu. Nami nikawa nafurahi na upande mmoja wa moyo, na upande wa pili nikihesabu: simu ishirini na tatu, kile kisanduku cha kugeuza umeme ambacho kinakula chenyewe hata kabla hujachomeka kitu, na friji, na kule juu malisho ya ng'ombe wangu yamefunikwa shuka.

Saa kumi mama akaniambia nifunue. Jua lilikuwa limeshaelekea kwenye mawe. Mita ikasoma kumi na mbili nukta tatu.

"Mwambie mama yako," nilimwambia mchumba wangu tulipokuwa tunaosha vyombo ziwani.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba paneli si mtoto."

"Mwambie wewe. Betri ni zako."

"Mama ni wako."

Akacheka mpaka sufuria likamponyoka. "Mimi niliwahi kumwambia uji wa mtoto wa dada umezidi karanga. Mwaka wa nne huu, kila akipika uji ananiita niuonje mbele za watu. Sitaki tena."

Jumanne niliamka na mbinu. Mbinu ya kwanza ilikuwa kuwasha injini, maana gari likinguruma nalo linazilisha betri kidogo. Niliwasha. Haikuchukua dakika mbili mama akawa dirishani na kanga puani.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi, mama."

"Mbona unachoma mafuta na kutuvutisha moshi? Watu wana vifua hapa."

Nikazima.

Mbinu ya pili nilijivunia zaidi. Saa nne aliponiamuru kufunika, nilifunika, lakini lastiki ya pembe moja niliiacha imeshikilia kwa ncha tu, kwa matumaini kwamba upepo wa ziwa utamaliza kazi ambayo adabu ilinizuia. Na upepo haukuniangusha. Saa tano na nusu kitambaa kikapeperuka, kikakunjika nusu, na nusu ya paneli ikang'aa hadharani. Nilikaa chini ya mwamba nikijifanya sioni, nikijisikia kama mtu anayesikia ng'ombe wake wanatafuna.

Walitafuna dakika kumi. Mama akainua macho kutoka kwenye foleni ya simu.

"Wewe kijana. Kitambaa kimetoka."

"Aa. Ni upepo, mama."

Akaingiza mkono kwenye begi lake lile lisiloisha, akatoa pini nne kubwa za nepi. "Bana na hizi. Kwa pini hizi hakuna mtoto aliyewahi kuvua."

Nikapanda, nikabana. Jumanne saa kumi na mbili jioni mita ilisoma kumi na mbili kamili. Nilikumbuka maneno ya fundi kuhusu chumvi, na chini ya gari, kwenye mkeka wangu, nililala chini kabisa ya betri zangu nikisikia friji linaguna kila linapowaka, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Nilijisikia vibaya kuliko ninavyoweza kueleza kwa vitu visivyo na roho. Ng'ombe wangu walikuwa wananitumikia na mimi ndiye niliyewanyima chakula.

Jumatano, siku ya soda, niliamshwa na ukimya. Friji lilikuwa limejizima lenyewe. Lina akili hiyo: likiona betri zimechoka sana linaacha kukamua, tofauti na mwenye nalo. Mita ilisoma kumi na moja nukta sita. Nikalifungua nikashika chupa. Ilikuwa na joto la mkono wa mtu.

Nilifungua sanduku la betri nikapiga magoti. Nilikagua maji, yalikuwa sawa. Nikafuta vichwa kwa kitambaa kikavu, ingawa vilikuwa safi, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuwafanyia. Nadhani niliongea nao. Nilisema kitu kama "nisameheni jamani."

"Mgonjwa anasemaje?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, na kikombe cha chai mkononi. Nikainamisha macho, lakini safari hii yaliinamia kwenye betri. Na sijui ni nini kilinifungua mdomo. Labda ni lile neno lake. Kumbishia mama mkwe ni mwiko, lakini kumjibu nesi akiuliza habari za mgonjwa, hilo hakuna aliyewahi kulikataza.

"Hali si nzuri, mama. Amepungukiwa nguvu."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi mchana. Alikuja mzima kabisa."

Akaweka kikombe chini. "Uzito wake?"

"Alikuja na kumi na mbili nukta saba. Leo ni kumi na moja nukta sita."

"Ameshuka sana huyo," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kazini kabisa. "Anatapika? Anaharisha?"

"Hapana. Tatizo ni chakula."

"Anakula nini?"

"Jua."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi kidogo, kabla halijakomaa. Na jioni kidogo, likiwa limeshachoka. Katikati hapewi."

Nje nilisikia kina mama wakigeuza dagaa.

"Na mahitaji yake ni nini, kwa kawaida?"

"Huyu, mama, chakula chake hasa ni cha saa nne mpaka saa tisa. Ndipo anaposhiba."

"Nani amempangia hii ratiba?"

Mchumba wangu alikuwa nyuma ya mama yake, ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ni mtaalamu wake," nikasema.

"Mtaalamu gani? Ana cheti?"

"Anacho, mama. Ana uzoefu mkubwa sana. Watoto wote wa Mkuyuni ni wake. Ila wagonjwa wa aina hii alikuwa hajawahi kuwapata."

Mama akatoka, akazunguka gari lote, akasimama nyuma penye ngazi akitazama juu, mkono kwenye kiuno. Ilikuwa imetimu saa nne, na mimi nilikuwa nimeshika kitambaa begani, tayari kwa kupanda, kwa sababu ndiyo ilikuwa ratiba. Alikiangalia kile kitambaa. Alipapasa ua moja la bluu kwa kidole gumba.

"Bitana nilinunua ile nzito," akasema polepole. "Nilisema isipite hata nukta."

"Haijapita, mama."

"Leo usimvalishe."

Ikawa ndiyo mara ya kwanza kwa jua la saa nne kuikuta paneli yangu wazi tangu tufike. Kwenye kile kisanduku cha kupokea chaji taa ndogo ya kijani ikaanza kukonyeza. Nilitaka kurukaruka, nikakumbuka adabu, nikakohoa.

Lakini saa sita ni saa sita, na betri iliyolala njaa haishibi kwa masaa mawili. Mama alikaa kwenye kiti chake chini ya mwamba. "Lete soda," akasema.

"Mama, bado haija..."

"Tulikubaliana siku ya tatu saa sita. Lete."

Nikaileta kwa mikono miwili. Ilikuwa soda ya moto, mtu asikudanganye, ile ambayo ukifungua inakutemea. Ilimtemea kwenye kitenge. Akaifuta, akainywa yote, funda kwa funda, mpaka chini, huku mimi nimesimama mbele yake na kampuni yangu ya magari kumi ikipungua kwa kila funda. Alipomaliza akaniomba simu yake, namba kumi na tisa, ambayo ilikuwa na chaji ya betri zangu mwenyewe. Akampigia mumewe, akaweka sauti ya wazi kwa sababu kuweka simu sikioni anadai kunamletea kizunguzungu.

"Mzee, nimekunywa soda."

"Ikoje?" sauti ya mzee ikauliza.

"Ya moto."

Nilimsikia mzee akipumua kule Mkuyuni. "Basi," akasema, "muulizeni..."

"Nisikilize. Ya moto, lakini kosa si la kijana. Kifaa chake kilinyimwa chakula siku mbili. Nilikinyima mimi. Kwa hiyo zile siku tatu hazihesabiki, tunaanza upya kesho. Tutarudi Jumamosi. Maharage yapo kwenye friji, toa kitambaa kwanza kabla hujafungua, usikivute."

Mchumba wangu baadaye aliniambia kwamba katika maisha yake yote hajawahi kumsikia mama yake akisema "kosa" na "mimi" ndani ya pumzi moja. Aliniambia niweke alama kwenye kalenda.

Siku tatu za pili mama aliendesha betri zangu kama wodi. Alitaka mita isomwe asubuhi, mchana na jioni, akaandika kwenye daftari langu, akachora na mstari wa kupanda kama ule wa kadi ya mtoto. Kliniki ya simu ikahamishwa: saa sita mpaka saa nane tu, jua likiwa kali, ili simu zile jua la siku hiyo hiyo bila kugusa akiba. Mwenyekiti alikuja saa kumi akarudishwa.

"Lakini mimi ni namba moja, nesi."

"Namba moja wa kesho."

Siku ya kwanza friji halikuwashwa kabisa, mgonjwa alipumzishwa. Siku ya pili asubuhi tukaliwasha. Mama alinipanga pia mimi: kisanduku cha kugeuza umeme kizimwe kama hakuna simu, taa moja badala ya tatu. Mambo yaleyale aliyoniambia fundi, ila kwa fundi niliyaandika na kwa mama niliyatekeleza.

Ijumaa aliniuliza, akiwa anafuma kitu kingine, "Na hizo betri zenyewe, nazo zinapenda jua kali?"

"Hapana, mama. Betri joto linaziua. Zenyewe zinataka kivuli na hewa."

Akaacha kufuma. "Kumbe dawa ilikuwa sahihi," akasema. "Nilikosea mgonjwa."

Akakiomba kile kitambaa chenye maua ya bluu. Akafumua bitana nyeusi, uzi kwa uzi, akaishona dirishani upande ambao jua la mchana lilikuwa linalichoma sanduku la betri. Kroshia yenyewe akaitandika juu ya sanduku. Nilimwambia kwa uoga kwamba betri za maji zinapumua, zisizibwe.

"Kroshia ni matundu matupu," akanijibu. "Hiki hakizibi mtu."

Kimo pale hadi leo. Fundi alipokiona alicheka, halafu akauliza kama anaweza kufumiwa na yeye.

Jumamosi asubuhi mita ilisoma kumi na mbili nukta sita. Saa sita mama akakaa kwenye kiti chake. Mwenyekiti alikuwepo, namba moja, na kina mama watatu wa dagaa walikuwa wamesogea kwa sababu habari ya soda ilikwisha kuenea kijijini kama kesi. Nikafungua friji. Chupa ilitoka inatoka jasho. Mama aliipokea kwa leso, akanywa funda moja kubwa, akafumba macho, na mkono ukaenda kwenye shavu, upande wa jino lake bovu.

"Mkwe," akasema, macho bado yamefumba, "hii imezidi. Punguza kidogo."

Hakukuwa na haja ya kupunguza, tulikuwa tunaondoka mchana huo ili tuwahi misa ya Jumapili. Lakini niliingia ndani ya gari hata hivyo, nikapiga magoti mbele ya friji nikawa nazungusha kile kitufe, polepole, nikiwa nimewapa wote mgongo, nikijifuta mashavu kwa mkono wa tisheti ya kampuni. Mchumba wangu akaja akachungulia.

"Friji linavuja?" akauliza.

"Linavuja kidogo," nikamwambia. "Litakaa sawa."